Kikolezo Katika Merikebu

Madaba ni mji wa nyanda za juu katika Mkoa wa Ruvuma, kando ya barabara kuu itokayo Makambako kwenda Songea. Bahari iko mbali nao, na hata Ziwa Nyasa, lililo upande wa magharibi, limetengwa nao na milima. Kwa hiyo mtu akiulizwa ni kitu gani katika jiko la Madaba kilicholetwa na merikebu, yumkini atajibu kwamba hakuna. Lakini ugali upakuliwao huko ni wa mahindi, na kando yake huwekwa chumvi na pilipili. Na mahindi na pilipili ni mimea ambayo asili yake ni Amerika, nayo ilivuka bahari kwa tanga. Methali huuliza: pilipili iliyo shamba yakuwashiani? Historia ya kikolezo baharini ni jawabu moja la swali hilo.

Abiria wa merikebu kubwa za kitalii za siku hizi hukuta mezani haradali za namna nyingi, siki, achari na mchuzi wa pilipili, naye huchagua aipendayo. Asipoiona ile aliyoizoea kwao, hunung'unika kidogo, na safari huendelea. Zamani jambo hili halikuwa dogo kiasi hicho. Baharia wa jahazi alikula wali, tende na samaki mkavu. Baharia wa Ulaya alikula mkate mkavu na nyama ya chumvi. Naye alikula hayo leo, na kesho, na mwezi ujao. Chakula kisichobadilika humchosha mlaji hata akakikataa, na mtu asiyekula hawezi kuvuta kamba. Ndipo kidogo kile cha pembeni, kilicho kikali au kichungu au chachu, kilipokuwa na kazi kubwa kuliko wingi wake.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliijua kazi hiyo mapema. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba merikebu ilipotia nanga vijana wa mji waliiendea kwa mashua, kila mmoja amechukua chombo cha chakula kilichofunikwa, ili amkaribishe mfanyabiashara mmoja awe mgeni wake. Mtu aliyetoka katika tonge za baharini alikutana na mapishi ya nchi kavu kabla hajakanyaga mchanga. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi, na chakula chake kikatoka kwa sultani: wali kwa samli, na juu yake kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na tena maziwa ya mgando pamoja na malimau ya achari, vichala vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Alieleza hata namna ya kula: tonge la wali kwanza, kisha kitu kidogo katika hizo achari. Baada ya hapo alipanda tena merikebu akaenda Mombasa na Kilwa.

Pilipili aliyoila Ibn Battuta si hii nyekundu ya leo. Hii ya leo haikuwako Afrika wala Bara Hindi mpaka Wareno walipoanza kusafiri kati ya Amerika, Afrika na Bara Hindi baada ya mwaka 1500. Lugha yenyewe ni shahidi wa jambo hili. Neno pilipili ni la kale, nalo ni ndugu wa filfili ya Kiarabu na pippali ya Kisanskriti, ambayo yote mawili ni majina ya pilipili za Bara Hindi. Alipofika mgeni mwenye ukali zaidi, alilitwaa jina la mwenyeji, na mwenyeji akalazimika kuongezewa neno ili atambulikane: akawa pilipili manga, yaani pilipili ya Uarabuni, kwa kuwa ilikuja na majahazi ya upande huo. Kungumanga nayo ina neno lilo hilo ndani yake.

Hao Wareno walikuwa wamejifunza kwa uchungu thamani ya kitu chachu. Vasco da Gama aliondoka Lisbon mwezi wa Julai 1497, na mwezi wa Januari 1498, walipokuwa katika mto wa Quelimane, watu wake wengi walishikwa na kiseyeye: miguu na mikono ilivimba, na fizi zikakua juu ya meno hata wasiweze kula. Siku ya 6 Aprili 1498 merikebu ya São Rafael ilipanda mwamba karibu na Mtangata, kusini ya Tanga. Wenyeji waliijia kwa mashua, na mashua mojawapo ilijaa machungwa, ambayo mwandishi wa safari hiyo aliyasifu kuwa ni mazuri kuliko ya Ureno. Siku ya pili walifika Mombasa, na huko pia waliletewa machungwa, malimau na miwa.

Waliporudi kutoka Bara Hindi walivuka bahari kwa muda wa miezi mitatu kasoro siku chache. Watu 30 wakafa kwa kiseyeye, na katika kila merikebu walibaki saba au wanane tu walioweza kazi. Walipofika Malindi siku ya 7 Januari 1499, jambo mojawapo waliloomba ni machungwa, kwa sababu wagonjwa walikuwa wakiyatamani mno. Yaliletwa kesho yake, lakini wengi walikuwa wamekwisha kupita mahali pa kuponeka, wakafa bandarini. Siku chache baadaye São Rafael ilichomwa moto mahali pale pale ilipokuwa imepanda mwamba, kwa kuwa watu wa kuiendesha hawakutosha.

Basi je, kila kikolezo ni dawa? Swali hilo lilipimwa baharini mwaka 1747. James Lind, tabibu wa merikebu ya kivita ya Uingereza iliyoitwa Salisbury, aliwatwaa wagonjwa 12 wa kiseyeye, akawagawa wawili wawili, na kila jozi akaipa kitu chake. Wawili walipewa siki. Wawili walipewa dawa ya kitunguu saumu, mbegu za haradali, mzizi wa figili na manemane, kiasi cha kokwa ya kungumanga mara tatu kwa siku. Wawili walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Machungwa yalikwisha baada ya siku sita; hata hivyo mmoja wa waliokula alikuwa tayari kurudi kazini, na mwenzake alipata nafuu kuliko wote. Haradali haikuponya, wala siki haikuponya. Lind alichapisha kitabu chake mwaka 1753, lakini jeshi la maji la Uingereza lilianza kutoa maji ya malimau kwa kawaida mwaka 1795. Miaka 42 ilipita, na katika miaka hiyo mabaharia waliendelea kufa kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa inauzwa sokoni.

Hapa pana fundisho ambalo si la mabaharia peke yao. Ulimi wa mgonjwa wa Malindi ulitamani kitu chenye uzima ndani yake, lakini ulimi si mwamuzi wa kutegemewa siku zote. Haradali huwasha, na siki huchachua. Mtu aweza kudhani kwamba kila kilicho kikali kina nguvu moja. Ilihitajiwa subira ya kupima kitu kimoja kimoja ili kutenga ladha na tiba. Tena Lind mwenyewe alipotaka kuyachemsha maji ya malimau ili yakae muda mrefu, moto uliiharibu nguvu ile ile aliyoitafuta.

Pilipili ya Amerika haikuhitaji mlinzi wala msafara wake peke yake. Punje zake hukauka bila kufa, na chache hukaa katika pindo la nguo. Zilitoka pwani zikaenda bara mkono kwa mkono, katika nchi zile zile ambazo katika karne ya 19 zilipitwa na misafara ya kutoka Kilwa Kivinje kwenda Ziwa Nyasa, iliyopeleka nguo na shanga na kurudi na pembe na watumwa. Misafara ile imekwisha, na pilipili imebaki. Haradali haikupata bahati hiyo jikoni: watu wengi wa bara walilijua jina lake katika Injili na Kurani, ambamo punje yake ni mfano wa udogo, kabla ya kuionja.

Mama wa Madaba aipondaye pilipili kwa chumvi kando ya ugali haoni bahari, wala hana haja ya kuikumbuka. Lakini alichoshika mkononi kimepita mikononi mwa mabaharia, na baadhi yao hawakurudi kwao. Pilipili iliyo shamba yawasha. Ila moto wake uliwashwa mbali.