Diski Isipoonekana: Historia Niliyoihitaji Kyuso

Leo sina programu ya kuwaonyesha. Nataka tuzungumze historia, kwa sababu historia ndiyo iliyoniokolea diski tatu kule Kyuso.

Kwa wasiopajua, Kyuso iko katika kaunti ya Kitui, kaskazini mwa mji wa Mwingi. Ni sehemu kavu, na duka la vipuri vya kompyuta si kitu cha kutegemea. Shule moja ya huko ilikuwa na kompyuta nne kuukuu, na mwalimu akaniomba niziunganishe ziwe klasta, yaani kompyuta kadhaa zinazogawana kazi moja, ili wanafunzi wajionee. Tulipoziwasha, hakuna hata moja iliyoona diski yake ngumu. Mwalimu akaanza kuandika orodha ya diski nne za kununua Nairobi, kwa pesa ambazo wazazi walikuwa wamechanga baada ya kuuza ndengu. Nikamwambia, "Mwalimu, nipe siku moja kwanza."

Sasa turudi nyuma kidogo. Diski ngumu ya kwanza ilikuja na kompyuta ya IBM 305 RAMAC mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu. Mtambo wenyewe ulishinda kabati la nguo kwa ukubwa. Hapo huwezi kusema diski haionekani!

Mambo yalibadilika mwaka 1986, kompyuta za Compaq zilipoanza kutumia IDE, mpango uliobuniwa pamoja na Western Digital. Akili ya kuendesha diski ilihamishwa ikawekwa juu ya diski yenyewe. Tangu hapo kompyuta haiioni diski, bali huiuliza: wewe ni nani, una ukubwa gani? Diski hujibu. Kwa hiyo tukisema "haionekani" tunamaanisha mojawapo ya mambo matatu: haikuulizwa, haikuelewana na muulizaji, au imekufa kweli. Wengi wetu tunakimbilia hilo la tatu.

Waya mmoja wa IDE ulibeba vifaa viwili, na kijipini kiitwacho jampa ndicho kilichoamua nani mkubwa na nani mdogo. Wote wakijifanya wakubwa, huenda asisikike hata mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya kompyuta ya kwanza: diski na kisomeo cha CD vilikuwa vikigombania cheo. Nikahamisha jampa, diski ikaitikia.

Ukubwa nao ulileta kuta zake. BIOS za zamani ziliishia megabaiti 528. Baadaye ukuta ukawa gigabaiti 137, kwa kuwa namba ya anwani ilikuwa na biti 28 tu, mpaka kiwango cha ATA-6 cha mwaka 2002 kilipoleta biti 48. Ukiona diski kubwa inaonekana nusu, kumbuka hesabu hiyo.

Kisha ikaja SATA, iliyoanza kuenea madukani mwaka 2003. Kila diski ikapata waya wake na ugomvi wa vyeo ukaisha. Lakini SATA ya kwanza ilikwenda gigabiti 1.5 kwa sekunde, na iliyofuata gigabiti 3. Mbili hizo zilitakiwa kupatana zenyewe, ila baadhi ya chipu za mwanzo zilishindwa, zikanyamaza kabisa. Ndiyo maana diski nyingi za wakati huo zilikuwa na jampa ya kupunguza kasi. Kompyuta ya pili iliponea hapo.

Ya tatu ilinichekesha. Saa yake ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Betri ya madabodi, CR2032 ya volti 3, ilikuwa imekwisha, hivyo kila umeme ulipopotea BIOS ilisahau mipangilio na kuifunga milango ya SATA. Diski ilikuwa nzima, ila hakuna aliyeiuliza kitu.

Ya nne nilibadilisha waya, nikabadilisha umeme, nikaijaribu kwenye kompyuta nyingine. Ikalia tak, tak, tak. Hiyo ilikufa.

Je, klasta ibaki na kompyuta tatu? Hapana. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, wakiwa NASA, walijenga Beowulf kwa kompyuta 16 za kawaida za 486 zenye Linux, wakathibitisha kwamba klasta haihitaji mashine za kifahari. Na Ranger ya Texas, iliyofanya kazi kutoka 2008 hadi 2013, ilikuwa na nodi 3,936 za kukokotoa zisizo na diski ngumu hata moja. Ilipostaafu, sehemu yake ililetwa Afrika kwa ajili ya vyuo vya Afrika Kusini, Tanzania na Botswana. Nasi tukaiwasha kompyuta ya nne kupitia mtandao, kwa njia ya PXE, ikichukua Linux kutoka kwa ile ya kwanza. Jioni zote nne zilikuwa zinagawana hesabu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kutupa diski, kagua waya na umeme, kisha jampa, kisha saa na betri, kisha BIOS. Ukifika Linux, soma dmesg bila haraka. Pia uliza madabodi ni ya mwaka gani na diski ni ya mwaka gani.

Orodha ya mwalimu ilibaki na kitu kimoja tu: betri. Pesa za ndengu zikabaki shuleni. Tutaonana tena.