Malungu ya Ufipa

Malungu ni matanuri marefu ya udongo ambayo Wafipa wa kusini-magharibi mwa Tanzania na majirani zao waliyatumia kuzalisha chuma. Moja huitwa ilungu. Ni kama mnara, pana chini na jembamba juu, lenye kimo cha mita 3 hivi. Yametapakaa tangu Nkasi, upande wa kaskazini wa uwanda wa Ufipa, yakishuka kuelekea Sumbawanga na Kalambo, ziliko Matai na Mwimbi, mpaka ng'ambo ya mpaka katika nchi ya Walungu na Wamambwe wa Zambia. Machache bado yamesimama wima. Kwa mengine kilichosalia ni ukuta wa kufika kiunoni, matundu yaliyozunguka kitako, na lundo la mavi ya chuma lililofunikwa na nyasi.

Kazi yenyewe haieleweki bila kwanza kutazama shamba. Uwanda wa Ufipa una nyasi nyingi na miti michache, na udongo wake huchoka upesi. Wafipa waliurutubisha kwa intumba: wakati wa mvua mkulima hupasua ardhi pamoja na nyasi zake, akazifukia katika vilima vya udongo, zikaoza humo. Juu ya vilima hivyo hupandwa maharage au maboga. Msimu unaofuata vilima husambazwa, na ulezi hupandwa mahali pake. Kukata mizizi ya nyasi zilizoshikamana na kugeuza udongo mzito kunataka jembe zito lenye makali, tena jembe hilo huisha haraka. Hitaji la majembe kwa hiyo halikuwa la watu wachache, bali la kila kaya, mwaka hata mwaka.

Tanuri lilijengwa karibu na mahali penye mawe ya chuma, miti ya kuchoma mkaa na vichuguu, maana udongo wa kichuguu hushikana vizuri na kuhimili moto. Kitakoni yaliachwa matundu, kila tundu likatiwa mirija ya udongo. Mkaa na mawe ya chuma vilimwagwa kutoka juu, tabaka juu ya tabaka, kisha moto ukawashwa. Hapakuwa na mtu wa kuvukuta. Urefu wa tanuri ulitosha kuvuta hewa: joto lilipopanda, upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini, na moto uliendelea kuwaka siku kadhaa. Mafundi walijipunguzia jasho la mivukuto, lakini gharama yake ilikuwa mkaa mwingi mno. Chuma hakikutoka kikitiririka kama maji. Kilitoka kama bonge lenye matundu, limechanganyika na takataka, na bonge hilo bado halikufaa kitu. Lilivunjwa na kupelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, ambako sasa mivukuto ilitumika, likasafishwa. Baada ya hapo ndipo lilipofika mikononi mwa mhunzi.

Aliyesimamia yote hayo aliitwa sing'anga. Ujuzi wake wa mawe na moto ulikwenda pamoja na dawa alizozihifadhi katika kapu liitwalo intangala, na nyingine zilifukiwa katikati ya sakafu ya tanuri kabla ya kujazwa. Mafundi walijitenga na wake zao muda wote wa kuyeyusha. Tanuri jipya lilishughulikiwa kama bibi harusi, likapambwa na kuimbiwa, na chuma kilichozaliwa humo kilikuwa mtoto wake. Wageni wengi walioandika juu ya Ufipa waliuona upande huu kuwa ushirikina uliobandikwa juu ya ufundi. Maelezo hayo ni mepesi mno. Miiko iliwaweka mafundi pamoja kambini hadi kazi iishe, na dawa za sing'anga ziliamua nani ana haki ya kuanzisha tanuri na nani hana. Jembe lililotoka humo liliingia pia katika mahari, hivyo lugha ya ndoa haikuwa mbali na bidhaa yenyewe.

Chuma kiligusa hata utawala. Masimulizi ya Kifipa yanaitaja Milansi kuwa makao ya watawala wa kwanza, na mtafiti Roy Willis aliuhusisha ukoo huo wa kale na ufundi wa chuma. Baadaye mamlaka yalishikwa na ukoo wa Twa, ukagawanyika katika milki mbili, Nkansi na Lyangalile. Karne ya 19 Wangoni wa Zwangendaba walipita Ufipa, naye Zwangendaba akafia huko. Uzalishaji wa majembe uliendelea licha ya misukosuko hiyo.

Pigo lilitoka kwingine. Utawala wa Wajerumani ulileta kodi ya fedha, vijana wakaanza kwenda mbali kutafuta kazi za mshahara, na majembe kutoka Ulaya yakafika madukani. Mwaka 1914 padri Wyckaert, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alichapisha makala kuhusu wahunzi wapagani na wahunzi Wakristo karibu na Ziwa Tanganyika. Kichwa cha makala hiyo peke yake kinaonyesha jinsi ufundi na miiko yake vilivyoanza kutengana. Mwaka 1937 R. C. Greig alieleza uyeyushaji wa Ufipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, wakati ambapo kazi hiyo ilikuwa inazimika. Mwaka 1969 J. A. R. Wembah-Rashid aliandika juu ya mafundi hao kama watu wa kukumbukwa. Bertram Mapunda, aliyechunguza magofu ya Nkasi katika miaka ya 1990, alionyesha kwamba malungu hayakuwa teknolojia pekee ya eneo hilo, kwani kando ya ziwa kuna pia mabaki ya matanuri mafupi yaitwayo katukutu.

Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974, Sumbawanga ikawa makao yake makuu. Rukwa ikahesabiwa miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Mbolea ya dukani na plau la ng'ombe vikapunguza kazi ya jembe la mkono. Manispaa ya Sumbawanga ilikuwa na watu zaidi ya 200,000 katika sensa ya 2012, na takriban 300,000 mwaka 2022. Lami kutoka Tunduma imeufungua mji huo kwa malori. Mhunzi wa leo hana haja ya mawe ya chuma, maana springi ya gari iliyokwisha hutoa kisu au jembe kwa mkaa kidogo. Intumba nazo hazijatoweka, ila zinapungua pale mbolea inapomudika.

Kwa upande wa sheria, magofu yana ulinzi hafifu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Ilungu lililojengwa baada ya mwaka huo halina kinga hiyo mpaka Waziri alitangaze. Sheria hiyohiyo inautaja mlango wa mbao uliochongwa kabla ya 1940 kuwa kitu cha kulindwa, jambo linaloonyesha kwamba waandishi wake walikuwa na miji ya pwani akilini kuliko nyanda za Ufipa. Ilungu likishaangushwa kupisha shamba au kiwanja, mavi ya chuma hubaki ardhini, na hayo ndiyo yanayowawezesha wanaakiolojia kutambua mahali lilipokuwa.