Asumini Iliyopanda Treni

Lipo ua dogo la zambarau ambalo Wazungu hulilea dirishani, ndani ya nyumba, majira yote ya baridi. Kwao ni Tanga na Usambara, majirani zetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wilayani Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland akaliita Saintpaulia, kwa jina la ukoo huo. Sifa zote hizo, na wala halinukii!

Sasa njoo Same. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka huohuo wa 1893 ilifika Moshi mwaka 1911, ikipita hapa chini ya milima ya Upare. Bibi yangu alishuka stesheni na tawi la asumini kwenye kitambaa chenye maji, akapanda nalo mpaka Suji. Mlimani ukungu wa Juni si mchezo. Akalipanda kwenye debe, na kila kipupwe debe likaingia ndani, ubavuni mwa ukuta wa jikoni wenye joto la meko. Maji akayapunguza, maana mizizi yenye baridi ikilowa huoza. Septemba alilitoa, akakata matawi ya zamani, kwani asumini huchanua kwenye chipukizi jipya. Desemba mabibi harusi walikuwa wakibisha hodi.

Nimepekua vitabu vya reli ile. Mkonge umo, kahawa imo. Debe la bibi halimo. Tawi lake ninalo hapa Same mjini, kwenye kopo la rangi. Huku baridi si tatizo, tatizo ni maji.