Bao refu na bao fupi: mchezo wa wazee wetu ulitoka wapi?



Wiki iliyopita tulizungumza juu ya Tongoni. Baada ya kipindi mama mmoja alinisimamisha sokoni akaniuliza: "Mwanangu, na hili bao wanaume wanalocheza kutwa badala ya kuleta kuni, nalo lililetwa na Waarabu?" Nilimwahidi jibu. Habari ya kuni nawaachia wanaume wenyewe.

Mama, michezo ya mashimo na mbegu ilikuwepo Kongo kabla ya misafara ya pwani kufika Maniema. Ushahidi mzuri uko upande wa Kasai. Bakuba walikuwa wakichonga sanamu za wafalme wao, na kila mfalme aliwekewa alama yake mbele ya miguu. Sanamu ya Shyaam aMbul aNgoong, aliyetawala katika karne ya 17, imewekewa ubao wa mchezo huu. Mfalme mkubwa, na alama yake si mkuki, ni mchezo. Sanamu hiyo ilichukuliwa na mtafiti Emil Torday mwanzoni mwa karne ya 20, na leo iko British Museum, London. Waluba nao wana mchezo wao wa namna hiyo, wanauita kisolo.

Lakini sikilizeni maneno ya wachezaji wetu: kete, nyumba, kichwa, kunamua, mtaji. Hayo ni maneno ya Kiswahili cha pwani, na ndiyo maneno ya bao la Zanzibar. Kwa hiyo mimi naona mchezo wenyewe ni wa zamani kwetu, ila namna hii ya kuucheza ilikuja kwa njia ya misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kuvuka Ziwa Tanganyika, kisha Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alifanya makao Kasongo kuanzia miaka ya 1870. Wengi waliotembea njia ile hawakuwa Waarabu. Walikuwa wapagazi Wanyamwezi, Wangwana, na baadaye watu wa huku huku. Njia hiyo ilipita pia pembe za ndovu na watu wetu waliofungwa minyororo. Siwezi kusimulia bao nikaificha minyororo.

Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Dhanis, waliopigana kwa ajili ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, waliiteka Kasongo, na Sefu, mtoto wa Tippu Tip, akakimbia. Mji ulihamishwa, ule wa zamani ukabaki magofu tunayoita Tongoni. Wakubwa wa misafara wakaondoka. Lugha ikabaki, na bao likabaki.

Kule Zanzibar nako bao halikuwa mchezo wa watu wasio na kazi. Rais Abeid Amani Karume alikuwa kwenye bao, katika makao ya chama chake, alipopigwa risasi na kufa tarehe 7 Aprili 1972.

Sasa kuna jambo linalonisumbua. Bao la pwani lina namna mbili. Bao lenyewe, lile refu, lina mashimo 32 na kete 64, kila mtu 32. Mnaanza na kete 10 tu kila upande: 6 katika nyumba, na mashimo mawili ya pembeni yake 2 kila moja. Zile 22 zinabaki mkononi, na unaziingiza moja moja kila zamu yako. Huko ndiko kunamua, na ndiko akili ilipo. Namna ya pili ni bao la kujifunza. Unaweka kete 2 katika kila shimo na mnaanza kulana papo hapo. Lilikuwa ngazi ya watoto.

Huku kwetu ngazi imekuwa nyumba nzima. Vijana waliokulia katika kukimbia wanajua hili fupi tu. Siwalaumu. Mashimo wanachimba chini, kete ni vijiwe vya barabarani, na kabla giza halijaingia kila mtu anataka awe ndani. Bao refu ukiliacha katikati, asubuhi mbuzi wamekwisha kulikanyaga.

Nilikaa siku tatu na mzee mmoja aliyetoka upande wa Kabambare. Ubao wake wa mti aliuacha ukutani siku ya kukimbia. Hakubali kucheza bao fupi hata umbembeleze, kwa hiyo mara nyingi anakaa peke yake. Alinifundisha sheria ya nyumba. Wakati wa kunamua, ukiwa unakula na kete yako ya mwisho ikaanguka katika nyumba yenye kete nyingi, una hiari: ulale hapo, au uchukue zote uendelee kuzitembeza. Hiyo ya pili inaitwa safari.

Nikamuuliza, "Mzee, nikisafiri, kisha kete zikarudi kujaa pale, si ni nyumba tena?"

"Hapana, mwanangu. Hapo ni shimo kama mashimo mengine."

Siku ya kwanza nilisafiri mapema mno akanimaliza. Siku ya tatu alinimaliza tena, ila polepole.

Anasema wenzake waliojua kunamua vizuri wametawanyika: wengine Kasongo, wengine Kalemie, wengine hajui. Kama uko mahali unasoma hii na unajua bao refu, tupigie redio. Utuambie pia kijijini kwenu mashimo mliyaita kwa majina gani. Jumamosi mchana mzee atakuwa chini ya mwembe, na nafasi ya mbele yake iko wazi.