Raia wa Kuzaliwa na Mzaliwa wa Nchini: Sharti la Urais wa Marekani

Katiba ya Marekani ya 1787, katika Ibara ya Pili, inamtaka rais awe ametimiza miaka 35, awe ameishi nchini humo miaka 14, na awe raia wa kuzaliwa. Sharti hili la mwisho halikufafanuliwa, na wapo wanaolisoma kana kwamba linamhusu mzaliwa wa nchini peke yake. Napinga usomaji huo. Raia wa kuzaliwa ni yule ambaye sheria inamtambua kuwa raia tangu anapozaliwa, ndani au nje ya mipaka, bila kuhitaji tajnisi.

Kwanza, kuzaliwa katika ardhi ile hakujawahi kutosha. Mtoto wa balozi wa kigeni akizaliwa Washington hapati uraia. John Elk, aliyezaliwa katika jamii ya Wahindi Wekundu, alikataliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1884, na ni sheria ya 1924 iliyowapa uraia wenzake wote waliokuwa bado hawana. Ikiwa kuna watu wanaostahili kuitwa wazawa wa Marekani, basi ni hao.

Hoja nzito ya wapinzani inatoka katika kesi ya Wong Kim Ark ya 1898. Mahakama ilimtambua kijana huyo, mzaliwa wa San Francisco mwenye wazazi Wachina, kuwa raia. Lakini ilisema pia kwamba anayezaliwa ughaibuni hupata uraia kwa sheria ya Bunge, yaani kwa namna ya tajnisi. Hoja hiyo inasahau historia. Waasisi walirithi istilahi zao kutoka Uingereza, ambako sheria ya 1730 ilikwisha kuwahesabu watoto wa raia wa kiume waliozaliwa ng’ambo kuwa raia wa kuzaliwa. Bunge la kwanza la Marekani, ambamo James Madison alikuwa mjumbe, lilitumia maneno hayohayo kwa watoto wa namna hiyo mwaka 1790. Ni kweli kwamba sheria ya 1795 iliyaacha, ila kuyaacha si kuyakanusha.

Mfano mgumu kwangu ni aliyekuwa mgombea urais John McCain, aliyezaliwa mwaka 1936 katika Ukanda wa Mfereji wa Panama. Sheria iliyotamka wazi uraia wa watoto wa Wamarekani waliozaliwa humo ilipitishwa mwaka 1937, ikirudi nyuma hadi 1904. Seneti ilimkubali mwaka 2008 kwa azimio lisilo na nguvu ya sheria. Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, hakuwa na utata wowote: alizaliwa Honolulu mwaka 1961, na Katiba haidai popote kwamba wazazi wote wawili wawe raia.

Kwa kipimo hiki Ted Cruz, aliyezaliwa Calgary na mama Mmarekani, anastahili kugombea. Henry Kissinger, aliyezaliwa mgeni huko Ujerumani na kupata uraia kwa tajnisi, hakustahili.