Soko la Wanyama na Maradhi ya SARS

Maradhi mengi yaliyowasumbua wanadamu yalianza kwa wanyama. Msomaji, hili lisikustaajabishe, maana tangu kale mtu amewinda, amefuga na amekula wanyama. Linalofaa kuchunguzwa ni njia ambayo maradhi hupita kutoka kwa mnyama hata yakamfikia mtu. Njia hiyo ilionekana wazi katika jimbo la Guangdong, kusini mwa Uchina, kati ya mwaka 2002 na 2004.

Watu wa jimbo hilo wana desturi ya zamani ya kula nyama za porini wakati wa baridi. Kwao chakula na dawa ni ndugu, na nyama fulani husemwa kuwa huupa mwili joto na nguvu. Watu wa miji walipopata utajiri, haja ya nyama hizo ilizidi. Fungo wakafugwa kwa maelfu, na masoko yakajaa vizimba. Wanyama ambao porini wasingekutana waliwekwa pamoja wakiwa hai, kizimba juu ya kizimba, uchafu wa huyu ukimdondokea yule, na mchinjaji akifanya kazi yake papo hapo.

Mwezi wa Novemba 2002 homa kali ya mapafu ilizuka katika mji wa Foshan. Miongoni mwa wagonjwa wa mwanzo jimboni walikuwamo wapishi na wachuuzi wa wanyama. Februari 2003 tabibu mmoja aliyekuwa akiwauguza alikwenda Hong Kong, akalala katika hoteli. Wageni wenziwe wakayachukua maradhi hata Vietnam, Singapore na Kanada. Yalipozuiwa mwezi wa Julai, watu zaidi ya 8,000 walikuwa wameugua, na 774 wamekufa.

Wakati huo wataalamu walikwisha kwenda katika soko moja la Shenzhen, wakaona virusi vya namna ya SARS katika fungo. Walipima pia damu za watu. Kati ya wachuuzi 20 wa wanyama wa porini, 8 walikuwa na dalili za kuwahi kuingiwa na virusi hivyo. Kati ya wauza mboga 20, alikuwa nayo mmoja tu. Wote walifanya biashara sokoni, lakini waliokaa karibu na vizimba ndio walioguswa zaidi.

Serikali ilikuwa imepiga marufuku biashara hiyo. Lakini Agosti 2003, hofu ilipopungua, aina 54 za wanyama ziliruhusiwa kuuzwa tena, fungo wakiwamo. Haikupita nusu mwaka, watu wakaugua tena Guangzhou, na mmoja wao alikuwa mtumishi wa mkahawa uliopika fungo. Januari 2004 fungo kwa maelfu wakauawa. Hata hivyo asili haikuwa fungo: mwaka 2005 jamaa za virusi hivyo zilionekana katika popo. Fungo aliambukizwa tu, kama mtu alivyoambukizwa.

Basi je, tuidharau tiba ya Wachina? Hasha! Bibi Tu Youyou alisoma kitabu cha tiba cha karne ya nne, akapata humo habari za mmea uitwao qinghao. Dawa iliyotokana na mmea huo sasa huwaponya wagonjwa wa malaria hapa kwetu Kenya, naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lawama ni ya kizimba na faida iliyokijaza.

Mwishoni mwa mwaka 2019 maradhi ya korona yalizuka Wuhan, na wengi wa wagonjwa wa kwanza waliojulikana walihusika na soko lililouza wanyama hai. Wataalamu wangali wanabishana juu ya asili yake. Februari 2020 Uchina ilikataza kula wanyama wa porini wa nchi kavu, lakini haikukataza kuwatumia kwa dawa.

Angalia, msomaji, jinsi hofu ilivyo mlinzi wa muda mfupi. Ilifunga vizimba mwezi wa Aprili, ikavifungua Agosti. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao ufa huzibwa wakati watu wangali wazima na soko limetulia.