Bwana Mifugo na Vita vya Sotoka

Katika misiba yote iliyowahi kuwafika wafugaji wa Afrika ya Mashariki, hapana uliozidi sotoka, maradhi ya ng'ombe yaliyoingia bandari ya Massawa mwaka 1887 pamoja na ng'ombe walioletwa na Wataliani, yakashuka kusini, na kabla karne haijaisha yakawa yamekwisha kuteketeza mazizi ya Wamasai na jirani zao, njaa ikifuata nyuma. Serikali za kigeni zilipojenga maabara, Wajerumani Mpwapwa na Waingereza Kabete mwaka 1910, matabibu waliosomea Ulaya walikuwa wachache mno, ilhali mifugo ilitapakaa nyika nzima.

Hapo ndipo ilipohitajika kazi ya msaidizi wa tabibu wa mifugo, ambaye watu wa Tanganyika walimwita Bwana Mifugo. Elimu yake haikuwa ya daftari peke yake: alifundishwa kumfunga ng'ombe bila ya kumuumiza, kumtia kipimajoto chini ya mkia, na kumpapasa tezi iliyo chini ya sikio, kwani tezi ikivimba na homa ikapita nyuzi 40, aghalabu ni ndigana kali iletwayo na kupe, kinga yake josho, bali vidonda vya kinywani, machozi na kuhara vikikutana, basi ni sotoka, na zizi lifungwe mara moja.

Tabibu wa mifugo Walter Plowright na wenzake walipotengeneza huko Muguga, Kenya, kiasi cha mwaka 1960, chanjo ambayo sindano moja ilimkinga ng'ombe umri wake wote, ilibaki taabu nyingine, maana chanjo hiyo iliharibika kwa joto, na ikishachanganywa ilifaa saa chache tu. Walioibeba katika masanduku ya barafu, wakaamka alfajiri kuwahi mifugo haijaenda malishoni, hawakuwa maprofesa, bali mabwana mifugo hao.

Plowright alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999, naye aliistahili. Na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imetoweka ulimwenguni, maradhi ya pili baada ya ndui kukomeshwa na binadamu. Leo ufundi wa Bwana Mifugo wafundishwa Mpwapwa, Tengeru na Buhuri kwa ngazi ya astashahada, na mzazi ambaye mwanawe ameuchagua asidhani kwamba amechagua cheo duni, kwani ushindi ule haungalipatikana pasipo wenye cheti hicho.